Mistari Kumi na Sita Isiyokuwa Kwenye Faili

Sfax, Jumatatu 27 Januari 2025

Si Anouar,

Salamu nyingi, wewe, mama watoto na wasichana. Kwangu bado ni "Si", bwana mkubwa wangu, hata ukiwa mbali. Doha inasemaje? Sisi hapa benki ya damu tupo. Paa la chumba cha wachangiaji linavuja tena. Daktari Raoudha ameweka ndoo, na anasema ndoo hiyo ndiyo mfanyakazi pekee anayefika kazini kabla yake.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu huzipokei. Sikulaumu, mtu akiwa na kazi mpya hata mama yake humpigia mara mbili. Lakini nina shida, na wa kuimaliza ni wewe tu.

Assas anabadilishwa. Wakubwa wa Tunis wameandika kwamba programu inayolinda hifadhidata zetu imezeeka, ihamishiwe toleo jipya kabla ya Ramadhani. Wewe uliyempa jina la mzee wa getini umeondoka, kwa hiyo wa kumhamisha ni mimi. Mimi ambaye miaka miwili iliyopita nilikuwa nachapa majina ya wachangiaji na kuwakumbusha wale biskuti kabla hawajasimama. Vyote ninavyovijua nimevipata kwa kukaa nyuma ya bega lako. Siku ni Jumapili tarehe 23 Februari.

Nimesoma maelekezo mara tatu. Toleo jipya litasoma faili la mipangilio, basi. Chochote ambacho Assas aliambiwa hapo hapo akiwa anafanya kazi, kisha kisiandikwe kwenye faili, kimo kichwani mwake tu, na akizimwa kinakwenda. Nikamwuliza ana vingapi vya namna hiyo. Kwenye faili ana mipangilio mia moja na tisa. Kichwani, kumi na sita ni tofauti na faili. Kumi na sita, Si Anouar! Na hajazimwa tangu Februari mwaka jana, ulikuwa ukijisifu nalo hilo. Sijaona ndani yake mna nini, kwa sababu inataka nywila ya mkuu, na Daktari Raoudha bado anaitafuta kwenye droo.

Niiandike yote kwenye faili? Niiache yote? Naogopa, nakwambia kweli. Unajua nakala ya hifadhidata wanayoisoma hospitali ikisimama kupokea mapya na Assas asilie, daktari wa wodini anaona mfuko wa damu uko salama wakati sisi huku tumeshaufungia. Yule mama wa wodi ya uzazi aliyetiwa mfuko wa namna hiyo mwezi Mei alilala siku kumi na moja kwenye chumba cha mahututi kwa ajili ya dakika arobaini na tano za nakala kusimama. Na Ami Mondher, aliyekuwa zamu na kuambiwa alipuuza kengele, alipoteza kazi ya miaka ishirini na miwili. Rufaa yake ni tarehe 26, siku tatu baada ya mimi kumzima Assas. Sitaki kuwa Mondher wa pili.

Nijibu, tafadhali.

Emna Kammoun


Doha, Alhamisi 30 Januari 2025

Binti yangu Emna,

Umenichekesha na ndoo. Huku hatuna ndoo kwa sababu hatuna mvua.

Usiogope kitu. Hiyo kumi na sita ni takataka zangu za mwaka mzima, majaribio, mambo ya kupita. Usipoteze siku zako kuisoma. Tunza faili, mzime, weka toleo jipya, mwashe. Faili lile ni safi, kamati yenyewe ya uchunguzi ililisoma mwaka jana neno kwa neno na haikuona kosa. Hasa ule mstari wa magharibi usiuhamishe kabisa, ulikuwa wa Ramadhani tu na hauna kazi tena.

Na sikiliza ushauri wa mtu mzima: usiichape hiyo orodha kwenye karatasi. Karatasi ikifika mikononi mwa watu wasiojua kazi, inazaa maswali. Na mbona mngoje mpaka tarehe 23? Fanya hata wiki hii, ulale usingizi.

Msalimie Daktari Raoudha.

Anouar Ellouze


Sfax, Jumanne 4 Februari 2025

Si Anouar,

Nywila imepatikana. Ilikuwa imeandikwa nyuma ya kalenda ya duka la dawa, tutasema ni usalama wa hali ya juu.

Nimeifungua mistari yote kumi na sita. Si takataka. Wa tatu unamwambia Assas awe na subira na laini ya Gafsa, ambayo ni ya polepole kama wewe kwenye ngazi. Ningeuacha kama ulivyosema, angepiga kelele mara mia mbili kwa siku, na baada ya siku tatu hakuna ambaye angemsikiliza. Wa sita unamfanya alie mapema diski inapokaribia kujaa. Huo nao tunauhitaji.

Kisha nikafika wa tisa.

"Kengele zote za nakala ya hospitali: kimya. Kuanzia saa kumi na mbili kamili jioni hadi saa moja na dakika ishirini. Kila siku. Tarehe ya mwisho: hakuna."

Nilikaa. Nimesoma tena barua niliyokuandikia, nimeisoma mara nne. Sikukutajia magharibi, Si Anouar. Nilikuwa sijui kuna mstari wa magharibi. Wewe ulijua, na ulijua mwaka mzima kwamba bado umo.

Tarehe 14 Mei nakala ilisimama saa kumi na mbili na nusu jioni. Ami Mondher aliiambia kamati kengele haikulia. Akasema tena. Wakafungua faili, faili likasema kengele iko wazi saa zote ishirini na nne, na mwenyekiti akamwambia, "Kengele iko wazi, bwana. Labda kilichofungwa ni masikio." Watu wakacheka. Mimi nilikuwa mlangoni na trei ya kahawa. Aliyewaletea lile faili ni wewe. Hakuna aliyejua kumwuliza Assas ana nini kichwani, na wewe uliyejua ukanywa kahawa.

Sasa jambo lililonitoa jasho. Kila mstari una jina la aliyeuweka. Wa tisa unasema: ekammoun, 11 Machi 2024, saa sita kasoro dakika nane.

Ndiyo, mimi. Siku ile nimeikumbuka yote. Ilikuwa kesho yake tunafunga. Ami Mondher aliingia akilalamika: "Kila Ramadhani hivi hivi! Dakika kumi kabla ya adhana jengo zima linahifadhi kazi kwa mkupuo likimbilie supu ya chorba, mashine inakwama, kengele inalia ya bure, na mimi nainuka na sambusa ya briki mdomoni. Mwaka huu mniache nile!" Wewe ukacheka, ukaninyooshea kiti chako: "Njoo Emna, ujifunze. Andika ninavyokusomea." Nikaandika neno kwa neno bila kujua hata moja linasema nini. Nilikuwa na wiki ya tatu tu tangu nihamie ofisini kwako. Nikakuuliza, "Na baada ya Idi?" Ukasema, "Baada ya Idi tunafuta." Idi ilipofika ulikuwa Mahdia kwa wakwe.

Leo saa kumi na mbili Assas amenyamaza tena, kama kila siku. Nikimwondolea kimya hicho, mstari unatoweka, na Ami Mondher hana kingine duniani cha kuonyesha. Nikiuacha, hospitali ziko gizani kila jioni. Kwa hiyo nimekaa kitini nikiitazama nakala kwa macho yangu, saa nzima na dakika ishirini, bila hata kwenda msalani. Kesho nitakaa tena.

Emna


Doha, Alhamisi 6 Februari 2025

Emna,

Nipigie. Usiandike.

A.


Sfax, Ijumaa 7 Februari 2025

Si Anouar,

Nimekupigia na umeongea nusu saa. Kwa kuwa mimi ni msahaulifu, naandika tulichosema, ukiona nimekosea unisahihishe.

Ulisema: "Jina lililopo ni lako, si langu. Nikisema nilikusomea, nani aliona? Nikisema sikukusomea, nani atabisha?"

Nikasema: "Mimi nitabisha."

Ukasema: "Wewe! Karani wa biskuti dhidi ya mhandisi wa miaka kumi na tisa. Emna, mtoto wangu, mimi nakuonea huruma. Mzime tu. Akizimwa, hakuna mstari, hakuna jina, hakuna Machi. Utaamka salama."

Nikauliza: "Na Ami Mondher?"

Ukasema ana miaka hamsini na minane, angestaafu hivi karibuni hata hivyo.

Halafu ukaongea kwa sauti nyingine kabisa, ile sitaiandika, ya wasichana na shule na kibali cha kuishi ambacho kimefungwa na kazi. Nilikusikia unaogopa. Nisingependa kukusikia hivyo, kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kila kitu, na mtu unayemtegemea akitetemeka unaona hata sakafu inatetemeka.

Nikwambie kitu ambacho sijamwambia mama. Leo asubuhi niliandika amri ya kumzima Assas. Herufi zote. Ilibaki kubonyeza tu. Nilikaa na kidole hewani, nikiwaza: jina langu, wilaya nzima, mama sokoni akiulizwa na wauza samaki, "Ni binti yako yule wa damu?" Yule mama wa uzazi ana mume, na mume ana ndugu. Ulisema kweli, nikibonyeza nitaamka salama. Daktari Raoudha akaingia kumwaga ndoo, akaniuliza, "Mbona umekauka hivyo?" Nikasema najifunza.

Nilifuta ile amri, herufi moja moja. Sijui kama nitaifuta tena kesho.

Emna


Sakiet Ezzit, Jumanne 18 Februari 2025

Kwa Emna Kammoun,

Mimi Mondher Siala. Naandika kwa mkono, utavumilia.

Ijumaa ulikuja kwenye karakana ya kaka yangu, ukaweka bahasha yenye ile mistari kumi na sita juu ya meza ya randa, ukasema "Ami Mondher, mimi ndiye niliyeandika, nilisomewa," ukakimbia kama mtu aliyeacha bomu. Nilikuita. Ulikuwa umeshavuka barabara. Nikasoma. Nikatafuta miwani nikasoma tena.

Sijui nianzie wapi. Binti, tangu Julai nimekwenda kwa daktari wa masikio mara mbili. Mara zote mbili alisema, "Mzee, unasikia kama paka." Sikumwamini. Niliiamini kamati. Nikawa namwambia mke wangu Zohra aende chumba cha pili aguse glasi na kijiko, nami nikae huku nihesabu. Nilihesabu sawa kila mara, na bado nikasema labda siku ile tu, labda nilisinzia sikujijua. Mtu akiambiwa jambo na watu watano wenye tai, huanza kulikumbuka hata kama halikutokea.

Zohra alipoisikia karatasi yako alilia, na si kwa furaha. Alisema, "Kumbe yote yalianza kwa kukuonea huruma." Nami nimelifikiria hilo. Niliyelalamika kuhusu briki ni mimi. Mlininyamazishia mlinzi ili nile. Halafu mkasahau kumfungua mdomo, halafu mmoja wenu akakumbuka akanyamaza naye.

Sasa sikiliza, maana nasema mara moja. Nitaipeleka. Usidhani kwa kuwa umeileta mwenyewe nitaifunika. Nina hasira na wewe na nitakuwa nayo muda. Lakini karatasi peke yake haitoshi, watasema umeichapa nyumbani. Alhamisi tarehe 20 mwanasheria wangu atakuja na karani wa mahakama, waione kwenye kioo chenyewe, waandike walichokiona, wapige muhuri. Mpaka wafike, usimzime, usimguse, usimpulizie hata vumbi. Daktari Raoudha nimeshaongea naye. Alikaa chini.

Na jioni usikae peke yako. Nitakuja saa kumi na mbili kasorobo tuitazame hiyo nakala wote. Bado naijua kuisoma. Sitaongea na wewe sana. Nitakuja na chai yangu.

Uliniambia yeye ndiye aliyekusomea. Mimi nakuamini. Imani yangu haitakusaidia mbele yao, lakini nimekwambia.

Mondher Siala


Sfax, Jumatano 26 Februari 2025

Si Anouar,

Hujanijibu tangu tarehe 6, kwa hiyo nakueleza yote kwa mpangilio.

Alhamisi iliyopita karani wa mahakama alikuja. Mtu mfupi, viatu vinang'aa. Nilimwonyesha faili, kisha nikamwomba Assas orodha ya vilivyo kichwani. Akauliza, "Kwa hiyo mashine inaweza kusema hivi kwenye karatasi na kufanya vile?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Kama shemeji yangu," akaandika kurasa mbili, akapiga muhuri. Dakika hiyo hiyo nikamwondolea Assas kimya chake.

Jumapili nimemhamisha. Mistari kumi na mmoja nimeiandika kwenye faili, na mbele ya kila mmoja nimeandika sababu, tarehe na nani aliyeuomba. Mitano nimeiacha, na wa tisa ni mmojawapo. Nilimzima saa nne na dakika kumi asubuhi. Zilikuwa dakika sita kabla hajaamka, na katika dakika hizo nilisoma kila sura ninayoijua, na nyingine nilizianza katikati. Aliamka. Nikalinganisha alivyonavyo kichwani na vilivyo kwenye faili. Tofauti: sifuri.

Jumatatu, saa kumi na mbili na dakika kumi na nne jioni, kengele ikalia. Kengele ya kweli, nakala ilikuwa nyuma kwa dakika tatu. Nilipiga kelele kuliko yenyewe. Ami Mondher alikuwa amekaa na chai yake. Aliweka glasi chini, akasimama akiisikiliza mpaka nilipomaliza kuirekebisha, kisha akatoka nje akakaa kwenye ngazi.

Leo ilikuwa kamati. Watu watano, mwenyekiti ni yule yule.

"Hili ni jina lako?"

"Ndiyo."

"Ulijua unachoandika?"

"Hapana."

"Unaandika usichokijua kwenye mashine ya damu za watu?"

Nikaitazama karatasi yenye muhuri, jina langu liko pale pale.

"Nani alikusomea?"

Nikakutaja. Jina lote, na la baba yako. Akatabasamu kwa uchovu. "Binti, tangu niingie kazi hii, kila aliyekosea alisomewa na mtu aliyesafiri."

Ami Mondher amerudishwa kazini, na barua ya kuombwa radhi ataandikiwa. Mimi nimesimamishwa kuanzia kesho. Tarehe 3 wanakutana tena kuamua kama jina langu lipelekwe kwa mwendesha mashtaka, kwa sababu yule mama aliumia na mtu lazima awe ameandika, na aliyeandika ni mimi. Wakiamua hivyo, watamaliza hapo. Hawatatafuta wa Doha.

Nimewapa barua zetu, zangu na zako. Mwenyekiti alisema ile ya tarehe 30 inaweza kusomwa namna mbili. Wa pembeni yake akasema namna moja inatosha. Wakabishana, mimi nimesimama.

Hii nayo naiandika hapa hapa, kwenye meza yao, kwa kalamu ya mwenyekiti, na wamechukua nakala kabla haijaondoka. Kwa hiyo ukijibu, Si Anouar, hunijibu mimi peke yangu. Na usipojibu, ni hivyo hivyo.

Naogopa sana. Nilitaka ulijue hilo kwa mkono wangu.

Emna Kammoun


Doha, Jumamosi 1 Machi 2025

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Kamati,

Mimi Anouar Ellouze, mhandisi, niliyekuwa msimamizi wa mifumo ya benki yenu ya damu hadi Septemba 2024.

Mstari wa tisa niliusoma mimi, neno kwa neno, naye Emna Kammoun akaandika kwa sababu nilimwamuru. Hakuelewa na sikumweleza. Niliahidi kuufuta baada ya Idi, nikasahau. Tarehe 17 Mei, siku tatu baada ya ajali, nilikumbuka nikiwa nanyoa ndevu, nikajikata. Kamati ilipoomba mipangilio nikaleta faili, nikijua mstari huo haumo. Mondher alipochekwa nilikuwepo.

Barua yangu ya tarehe 30 Januari isomwe kwa namna moja.

Nimemwambia mwajiri wangu leo asubuhi. Nina tiketi ya kesho kutwa, nitakuwa mlangoni kwenu saa tatu. Barua hii naituma kwa picha ya simu; samahani kwa mwandiko, nimejaribu mara tano.

Mke wangu ameisoma barua hii kabla yenu. Yuko chumba cha pili anafunga nguo za wasichana kwenye masanduku, na mimi sijaweza kusimama kwenda kumwuliza kama anafunga ili tuondoke wote, au waondoke wao.

Anouar Ellouze